Bahari Imepanda au Mchanga Umepotea? Namna ya Kuchagua Maelezo ya Pwani ya Pangani

Mtu akisafiri kwa mashua kutoka Pangani wakati wa maji kujaa, anaweza kukipita Kisiwa cha Maziwe bila kujua kwamba mahali pale palikuwa na kisiwa. Maji yakipwa, fungu la mchanga mweupe huibuka, wageni huteremka kuogelea, na nahodha mwenye umri wa kutosha huwaonyesha kwa kidole palipokuwa na mivinje, palipokuwa na dago la wavuvi, na upande ambao kasa walipanda kutaga kwa wingi hata Maziwe ikahesabiwa miongoni mwa mazalia makuu ya kasa katika pwani nzima ya Tanzania. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa tena na mti hata mmoja. Siku hizi kasa bado hupanda juu ya fungu hilo, lakini mayai yao huhamishiwa ufukwe wa Ushongo, kwa sababu yakiachwa pale maji huyafunika kabla hayajaanguliwa.

Ukiuliza ni nini kilichokila kisiwa hicho, utapewa majibu matatu. La kwanza ni kwamba dunia inapata joto, bahari inapanda, na Maziwe ni mwanzo tu wa yatakayokuja. La pili ni kwamba watu wa hapahapa waliikata miti iliyokuwa ikiushika mchanga, na mchanga usio na mizizi huchukuliwa na wimbi la kwanza. La tatu ni kwamba bahari ndivyo ilivyo tangu enzi za mababu: hula huku na kutapika kule, mafungu huhama, visiwa huzaliwa na kufa, wala hapana jipya. Majibu hayahaya, yakibadilishwa maneno kidogo, hurudi kila yanapozungumzwa masika yaliyochelewa, matumbawe yaliyokufa, minazi iliyokauka kando ya mto na barafu ya Kilimanjaro.

Ninayalinganisha hapa kwa ajili ya mtu anayelazimika kuamua jambo: mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji anayeulizwa kama fedha kidogo zilizopo zinunue miche ya mikoko au saruji, mwenye kiwanja kando ya bahari anayetaka kujenga, au mwalimu wa jiografia ambaye wanafunzi wake watasimama kwenye mdahalo na kutetea upande mmoja. Msimamo wangu niuweke wazi mapema, ili msomaji asidhani nimejificha nyuma ya usawa wa maneno. Kuhusu chanzo cha joto la dunia, ushahidi umelalia upande mmoja kwa uzito usioacha nafasi ya ubishi wa maana. Kuhusu chanzo cha kuliwa kwa ufuo fulani katika miaka fulani, ushahidi mara nyingi hulalia upande mwingine kabisa. Kauli hizo mbili hazipingani, kwa kuwa zinajibu maswali mawili tofauti, na sehemu kubwa ya ugomvi wa barazani hutokana na kulitaka jibu moja litosheleze maswali yote mawili.

Maziwe yenyewe

Anayetaka kupima maelezo aanze na wakati. Kwa wastani wa dunia nzima, usawa wa bahari ulipanda kwa takriban milimita 1.3 kwa mwaka kati ya 1901 na 1971, kisha kasi ikaongezeka. Maana yake ni kwamba mpaka mivinje ya mwisho ya Maziwe ilipoanguka, bahari ilikuwa imepanda kama sentimita 10 hivi tangu mwanzo wa karne. Kwa kisiwa cha mchanga mtupu kilicholala juu ya mwamba wa matumbawe, sentimita 10 si jambo la kupuuzwa. Hata hivyo ni vigumu kuona jinsi kupanda kwa polepole namna hiyo kungeondoa miti yote ya kisiwa ndani ya miaka michache bila kitu kingine kusaidia. Hapo ndipo maelezo ya pili yanapopata nguvu, kwa maana wanaoyashikilia husema kwamba wavuvi waliopiga dago kisiwani walihitaji kuni, na kuni zilikuwa karibu. Mti ukiondoka mizizi huoza, upepo hupeperusha mchanga mkavu wa juu, na mawimbi ya kusi, ambayo ndiyo makali zaidi katika mwaka wetu, humalizia kazi.

Wanaoyakataa maelezo ya kwanza hupenda kuuliza kwa nini Toten, kisiwa kilichomo ndani ya ghuba ya Tanga, bado kina miti na magofu yake ilhali bahari ni ileile. Swali ni zuri kulisikia, lakini mizani yake haiko sawa. Toten ni mwamba wa matumbawe ya kale, tena umo ndani ya ghuba iliyokingwa, ilhali Maziwe ilikuwa rundo la mchanga lililoachwa na mawimbi mbele ya bahari iliyo wazi. Kuvilinganisha viwili hivyo ni kama kulinganisha nyumba ya mawe na banda la makuti kwa kuwa vyote vilinyeshewa na mvua moja.

Ninavyoona mimi, ukataji wa miti unaeleza vizuri zaidi kwa nini kisiwa kilipotea wakati ule, na kupanda kwa bahari kunaeleza kwa nini kukipanda miti upya leo hakuna matumaini makubwa. Kati ya 2006 na 2018 wastani wa dunia ulifikia milimita 3.7 kwa mwaka, karibu mara tatu ya kasi ya zamani. Zamani fungu lililopoteza miti lingeweza kujikusanya tena na kuota, lakini sasa linashindana na maji yanayokwenda mbio zaidi. Maelezo ya tatu, kwamba mafungu huhama tangu kale, ni kweli pia, ila hayatusaidii kujua kwa nini hili lilipotea na halikujengeka mahali pengine.

Swali la dunia

Hapa mdahalo wa shuleni huwa mkali kuliko unavyostahili. Upande unaosema kwamba joto ni mzunguko wa asili una hoja moja ya kweli kabisa, nayo ni kwamba hali ya hewa ilibadilika mara nyingi kabla ya kiwanda cha kwanza kujengwa. Enzi za barafu zilikuja na kuondoka kwa mizunguko ya takriban miaka 23,000, 41,000 na 100,000, inayotokana na mwelekeo wa mhimili wa dunia na umbo la njia yake ya kulizunguka jua. Hakuna mtaalamu anayelikana hilo, na mwanafunzi anayelikana kwa sababu tu amepangiwa upande wa pili anaudhoofisha upande wake mwenyewe. Tatizo ni kwamba mzunguko wa miaka maelfu hauwezi kueleza joto lililopanda ndani ya umri wa mtu mmoja.

Ikisemwa ni jua, jibu lipo. Setilaiti zimekuwa zikipima nguvu ya jua tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Nguvu hiyo hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka kama 11, na haikuonyesha mwelekeo wa kuongezeka katika miongo ambayo joto la dunia lilipanda kwa kasi zaidi. Lakini hoja ninayoiona kuwa bora kuliko zote ni nyingine, kwa sababu inawapa wagomvi wawili mtihani mmoja na kuona nani anafaulu. Kama joto lingekuwa linatoka juani, tabaka la chini la anga na tabaka la juu yake yote mawili yangepata joto. Kama linatokana na hewa ukaa inayozuia joto la ardhi lisitoke, tabaka la chini lingepata joto na la juu lingepoa. Kilichopimwa ni hicho cha pili.

Volkano nazo hutajwa sana. Hewa ukaa inayotolewa na volkano zote za dunia kwa mwaka haifiki asilimia 1 ya ile inayotolewa na binadamu, na mlipuko mkubwa wa Pinatubo nchini Ufilipino mwaka 1991 uliipoza dunia kwa karibu nusu ya nyuzi moja ya Selsiasi kwa muda, kwa kuwa chembechembe zake zilikinga mwanga wa jua.

Elimu yenyewe si mpya, ingawa wengi hudhani ilibuniwa na mikutano ya siku hizi. Mmarekani Eunice Foote alichapisha majaribio yake ya hewa ukaa na joto la jua mwaka 1856, John Tyndall wa Ireland akaanza kupima uwezo wa gesi kunasa joto mwaka 1859, na Svante Arrhenius wa Uswidi akakokotoa mwaka 1896 ni kiasi gani dunia ingepata joto iwapo hewa ukaa ingeongezeka. Charles David Keeling alipoanza kuipima hewa hiyo juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, alikuta sehemu 315 hivi katika kila milioni ya hewa. Kabla ya viwanda zilikuwa kama 280, na leo zimepita 420. Kwamba nyongeza hiyo inatoka kwenye makaa ya mawe, mafuta na gesi hujulikana kwa kuichunguza kaboni yenyewe: iliyozikwa ardhini kwa mamilioni ya miaka haina tena kaboni-14, aina ya kaboni inayopungua yenyewe kadiri miaka inavyopita, na kaboni iliyomo hewani imeendelea kuchanganyika na hiyo iliyozikwa. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, lililoundwa mwaka 1988, liliandika mwaka 2021 kwamba hapana shaka binadamu ameipasha dunia joto, na kwamba muongo wa 2011 hadi 2020 ulikuwa na joto la nyuzi 1.1 zaidi ya nusu ya pili ya karne ya 19.

Kabla sijaondoka hapa, kuna jambo ambalo midahalo yetu hulikwepa. Kila maelezo yana mtu anayefaidika nayo. Maelezo ya kwanza yanatufaa sisi watu wa pwani, kwa sababu mchango wa Tanzania katika hewa ukaa ya dunia uko chini sana ya asilimia 1, na hivyo lawama inakwenda mbali ng'ambo. Maelezo ya pili yanawafaa wenye mamlaka, kwa sababu mkosaji anakuwa mvuvi mwenye panga na jiko la kuni. Maelezo ya tatu yanamfaa asiyetaka kufanya lolote. Ukijua anayezungumza anafaidika na nini, utamsikiliza kwa uangalifu zaidi, ingawa faida yake peke yake haithibitishi kwamba anasema uongo.

Sentimita 20 katika bahari ya mita tatu

Mvuvi mmoja mzee akiambiwa kwamba bahari ya dunia ilipanda kwa sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, atacheka, na ana haki ya kucheka. Maji ya Tanga wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3 ndani ya saa sita. Shubiri moja itaonekana wapi katika kimo kama hicho?

Itaonekana kwenye ukingo. Maji mafu, yale ya siku ambazo bahari hujaa kidogo tu, hayatishi nyumba ya mtu. Kinachotisha ni kilele cha bamvua kikikutana na upepo mkali wa kusi, na ile shubiri moja inakaa juu ya kilele hicho. Tena ufuo wetu mwingi umelala kwa mteremko mdogo. Ikiwa kwa kila mita 50 za kutembea kuelekea bahari ardhi inashuka mita 1, basi sentimita 20 za kimo ni mita 10 za ufuo, na mita 10 ndizo tofauti kati ya mnazi uliosimama mchangani na mnazi unaooga mizizi.

Wanaosema kwamba bahari haipandi nao wana hoja ya kupimwa kwa heshima. Kipimo cha maji cha bandari ya Unguja, kilichoanza kuandika mwaka 1984, kwa miaka yake ya mwanzo kilionyesha maji yakishuka badala ya kupanda. Jambo hilo si uzushi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba sehemu ya Bahari ya Hindi inayozunguka Shelisheli na Zanzibar ilishuka huku sehemu nyingine zikipanda, kwa kuwa mwenendo wa pepo juu ya bahari nzima ulibadilika na kuyasukuma maji kwingine. Anayetoa takwimu hizo kama ushahidi kwamba bahari haipandi anasahau kwamba bahari si beseni tulivu, na kwamba miaka ishirini ya kituo kimoja haiwezi kusimama badala ya karne nzima ya vituo vya dunia. Lakini anayesema kwamba kila mmomonyoko wa miaka ya 1990 katika pwani ya Tanga ulisababishwa na kupanda kwa bahari naye anapaswa kuzisoma takwimu hizo kabla hajaendelea.

Nikumbushe pia jambo dogo linaloleta ugomvi mkubwa. Picha mbili za ufuo mmoja husambazwa kwenye WhatsApp, ya zamani ikionyesha mchanga mpana na ya leo ikionyesha maji ukutani. Mara nyingi ya kwanza imepigwa maji yamekupwa, na ya pili imepigwa mwezi mpevu saa maji yalipojaa. Picha isiyotaja saa na tarehe ya mwezi si ushahidi wa upande wowote.

Chumvi mtoni na barafu mlimani

Mto Pangani ni mahali ambapo kuchagua maelezo yasiyo sahihi kuna gharama kubwa kuliko penginepo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Maji yake hutoka kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, hupita kwenye mitambo ya umeme ya Hale na Maporomoko ya Pangani, kisha huingia baharini kati ya mji wa Pangani na Bweni. Wakulima wa kando ya mto huo upande wa chini wamekuwa wakilalamika kwamba maji ya chumvi yanapanda mbali zaidi kuliko zamani, na kwamba minazi na mashamba yanaumia.

Je, bahari inasukuma zaidi, au mto unasukuma kidogo? Kuna namna ya kuwatenganisha. Ikiwa bahari ndiyo chanzo kikuu, chumvi itafuata bamvua kila mwezi bila kujali sana kiasi cha maji ya mto, na midomo mingine ya mito katika pwani hii itaonyesha dalili hiyohiyo kwa kiasi kinachokaribiana. Ikiwa udhaifu wa mto ndio chanzo kikuu, chumvi itapanda sana wakati wa kiangazi, itarudi nyuma masika yakinyesha kule juu, na itazidi kadiri maji yanavyozuiwa mabwawani na kumwagiliwa mashambani njiani. Katika Pangani dalili za udhaifu wa mto ni nzito. Maji yanayotumika kuanzia Moshi na Arusha mpaka Korogwe hayafiki Bweni, na bahari huingia pale ambapo mto umeacha nafasi. Kupanda kwa usawa wa bahari kunasaidia, lakini kunakuja nyuma yake.

Bwawa lina athari nyingine isiyotajwa sana. Mto hubeba mchanga pamoja na maji, na ufuo huishi kwa mchanga unaoletwa, kama duka linavyoishi kwa shehena mpya. Mchanga unaotuama nyuma ya ukuta wa bwawa hauji Pangani, huku mawimbi yakiendelea kuchukua ule uliopo. Ukiongeza na wanaochimba mchanga wa ujenzi kwenye fukwe na mitoni, unapata ufuo unaopungua hata kama bahari ingesimama palepale ilipo.

Barafu ya Kilimanjaro ni mfano mzuri wa maelezo ya kweli yanayotumika mahali pasipo pake. Mwaka 1912 ilikuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889, aliporudi mwaka 1898 tayari aliona kwamba barafu ilikuwa imepungua. Wataalamu wamebishana kwa dhati kuhusu chanzo. Baadhi wameweka uzito kwenye joto la dunia, na wengine wameonyesha kwamba Afrika Mashariki ilianza kuwa kavu zaidi mwishoni mwa karne ya 19, theluji ikapungua, na barafu ya kileleni, kule ambako kuna baridi chini ya sifuri, ikawa inaliwa na jua na kugeuka mvuke moja kwa moja bila kuyeyuka. Huo ni mjadala halali wa kisayansi kuhusu mlima mmoja, na hauigusi hoja ya joto la dunia kwa jumla.

Lakini kwa mtu wa Pangani, mshindi yeyote wa mjadala huo habadilishi kitu. Barafu ni sehemu ndogo mno ya maji ya mto. Chemchemi zake zinalishwa na mvua na ukungu unaonaswa na msitu ulioko chini ya barafu hiyo. Anayesema mto unakauka kwa sababu barafu inakwisha ameshika jambo la kweli kuhusu mlima, akalifanya sababu ya jambo lisilolihusu, na kibaya zaidi amemsamehe anayekata msitu.

Mvua na vimbunga

Hapa nitapita upesi, kwa kuwa tukio moja halithibitishi upande wowote. Mvua kubwa za 1961, za 1997 na za vuli ya 2019, ambazo zilikata barabara mkoani Tanga, zote zilikuja wakati upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipokuwa na joto kuliko upande wa mashariki. Hiyo ni hali ya asili ya bahari yetu, iliyotambuliwa na kupewa jina na wataalamu mwaka 1999 tu. Joto la dunia linaongeza juu yake, maana hewa hubeba unyevu zaidi kwa karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo mvua ambayo ingekuja ikija, huja nzito zaidi.

Vivyo hivyo vimbunga. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Tanzania mwezi Mei 2024, wengi walisema jambo kama hilo halijapata kutokea. Lilikwisha kutokea: Aprili 1872 kimbunga kiliiangusha mikarafuu ya Unguja na kuibomoa misheni ya Bagamoyo iliyokuwa na umri wa miaka minne tu, na Aprili 1952 kingine kikapiga Lindi. Wanaosema kwamba Hidaya peke yake ni ushahidi wa mabadiliko ya tabianchi wamekosea, na wanaosema kwamba 1872 ni ushahidi kwamba hakuna mabadiliko wamekosea kwa namna ileile.

Matumbawe: maelezo yanayoonekana kwa macho

Katika miamba ya Tanga mtu mwenye miwani ya kuzamia anaweza kuamua mwenyewe, na hilo ni nadra. Matumbawe yaliyouawa na joto hufa yakiwa yamesimama. Huanza kupauka yakawa meupe kama chokaa, kisha yasipopona mwani huyafunika, lakini matawi yake hubaki wima kwa muda. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika pwani yote ya mashariki ya Afrika mwaka 1998, bahari ilipopata joto lisilo la kawaida. Matumbawe yaliyopigwa baruti huwa shimo lenye kokoto zilizosambaa pande zote, na kokoto hizo huviringishwa na maji kila siku hata chipukizi likakosa pa kushika. Yaliyopitiwa na kokoro, wavu unaokokotwa chini ya bahari, huwa yamevunjika kwa njia ndefu, upande mmoja, kama shamba lililoburutiwa gogo.

Kuchagua hapa kuna maana ya fedha na boti. Doria haiwezi kuizuia bahari isipate joto, kwa hiyo kamati inayoahidi kwamba doria itazuia kupauka inajidanganya. Lakini mwamba wenye pono na samaki wengine wanaokula mwani husafishwa, na matumbawe machanga hupata mahali pa kuanzia, ilhali mwamba uliosagwa na baruti hauna hata hapo pa kuanzia. Ukikuta kokoto, tafuta wenye baruti kwanza. Ukikuta mifupa iliyosimama, linda samaki na usubiri.

Ukuta, mikoko au kurudi nyuma

Sasa turudi kwa mjumbe wa kamati na mwenye kiwanja.

Ukuta unafaa pale ambapo kilichoko nyuma yake hakiwezi kuhama, kama mji wa Pangani wenye nyumba zake za mawe za karne ya 19, ambako ukuta umejengwa. Unaikinga ardhi dhidi ya sababu yoyote, iwe bahari inayopanda au mchanga uliopotea, na hiyo ndiyo sifa yake. Kasoro yake ni kwamba haukingi ufuo. Wimbi likigonga ukuta hurudi na nguvu yake, likakomba mchanga ulioko mbele, na mwisho wa ukuta ndipo jirani anapoanza kuliwa. Mwenye kiwanja anayejenga ukuta wake peke yake kwa hofu ya bahari huenda akawa anamletea jirani yake sababu ya nne ambayo haikuwamo katika majibu ya baraza.

Mikoko ni jibu zuri sana kwa maelezo ya pili, pale ambapo ilikuwapo ikakatwa kwa boriti, kuni na tanuri za chokaa. Kati ya aina zake, mlilana hukaa mbele kabisa upande wa bahari, mkoko wenyewe na mkandaa hufuata, na mchu hupatikana hata sehemu za juu zenye chumvi kali. Kila mmoja ana mahali pake, na ukipandwa pasipo pake hufa. Mahali pa mikoko ni kwenye matope yaliyokingwa, kama midomo ya mito na ndani ya ghuba. Kuipanda kwenye ufuo wa mchanga ulio wazi kama Ushongo ni kupoteza miche na kuwakatisha tamaa waliojitolea. Tena mikoko huweza kuipandisha ardhi yake kadiri bahari inavyopanda, ila kwa sharti kwamba mto uwe unaleta matope, na hapo tunarudi kwenye mabwawa.

Kurudi nyuma ndiko kunakokubaliana na maelezo yote matatu, na ndiko kusikopendwa na mtu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe. Wengi huziona mita hizo kama adhabu, na mimi naona zina dosari tofauti: ni mita 60 kutoka kwenye ufukwe wa siku ya kupima, ilhali ufukwe wenyewe unatembea. Nyumba iliyojengwa kihalali leo inaweza kujikuta ndani ya mita 60 kabla mwenye nyumba hajamaliza mkopo.

Ikiwa kipande cha ufuo kinaliwa na vipande vya kaskazini na kusini yake viko salama, shuku sababu ya karibu: mchanga unaochimbwa, mikoko iliyokatwa, au ukuta wa jirani. Sababu kama hiyo inaweza kukomeshwa na kijiji chenyewe kwa gharama ndogo, na matokeo yake huonekana kabla ya uchaguzi ujao. Ikiwa pwani nzima inarudi nyuma, miaka yote, misimu yote, shuku bahari, wala usitumie fedha za kijiji kwa miche. Ikiwa ufuo unaliwa wakati wa kusi na kujengeka tena wakati wa kaskazi, basi mzee wa maelezo ya tatu yuko sahihi, na dawa yake ni kutokujenga karibu.

Ili kujua ni kipi kati ya hivyo vitatu, mwenye kiwanja hahitaji chombo cha gharama. Apige vigingi viwili vya mti nyuma ya mstari wa minazi, na kila bamvua ya kusi na ya kaskazi, kwa miaka isiyopungua miwili, apime kwa kamba umbali kutoka kwenye vigingi hivyo hadi kwenye mstari wa takataka ulioachwa na maji yalipojaa, kisha aandike daftarini pamoja na saa na tarehe ya mwezi mwandamo. Jirani wa kila upande afanye hivyohivyo siku ileile, kwa sababu daftari la kiwanja kimoja haliwezi kutofautisha bahari iliyopanda na mchanga uliohamia kwa jirani.